Lawi alilaaniwa, Walawi walipataje kazi ya patakatifu?

SWALI: "Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mwanakwaya. Mchungaji wetu hutuita sisi waimbaji 'Walawi', na siku za kutoa zaka husema yeye ndiye Mlawi wetu. Sasa nimesoma Mwanzo 49 nikakuta Yakobo anailaani hasira ya Simeoni na Lawi. Imekuwaje ukoo wa namna hiyo ndio ukakabidhiwa hema ya Mungu? Na je, Mlawi na kuhani ni mtu yule yule?"

JIBU: Amina, dada. Nianze na lile la mwisho, maana ni fupi.

Kila kuhani wa Israeli alikuwa Mlawi, lakini Walawi wengi hawakuwa makuhani. Lawi alizaa wana watatu: Gershoni, Kohathi na Merari. Katika ukoo wa Kohathi akatokea Amramu, naye akamzaa Haruni na Musa. Ukuhani, yaani kuhudumu madhabahuni, kunyunyiza damu, kufukiza uvumba na kuingia ndani ya hema, ulibaki kwa Haruni na wanawe peke yao. Wengine wote walikuwa Walawi tu, wakiwemo watoto wa Musa mwenyewe. 1 Nyakati 23:14 inasema hivyo waziwazi, na sura ya 26 inamtaja mmoja wa uzao wake, Shebueli, kuwa msimamizi wa hazina. Huwa nawaomba wanafunzi watulie kidogo hapo. Aliyeileta Torati hakuwaachia wanawe cheo cha ukuhani. Walipangwa pamoja na wabeba mizigo na mabawabu.

Usishangae hata hivyo ukikuta Kumbukumbu la Torati likisema "makuhani Walawi" kwa pamoja, kana kwamba ni kundi moja. Kitabu hicho hakikazi mpaka kama Hesabu inavyoukaza, na tangu karne ya 19 wataalamu wamejadiliana sana kama tofauti hiyo inatokana na vipindi tofauti vya historia ya ukuhani. Mimi hapa nafuata zaidi Hesabu na Mambo ya Nyakati, kwa sababu ndimo kazi yenyewe inamoelezwa kwa undani.

Sasa tuje kwenye laana. Kisa kiko Mwanzo 34. Shekemu mwana wa Hamori alimnajisi Dina binti Yakobo, kisha akataka kumwoa. Simeoni na Lawi, ndugu zake kwa mama mmoja, wakawahadaa wanaume wa mji ule watahiriwe, na siku ya tatu, wangali na maumivu, wakawaingilia na kuwaua wote kwa upanga. Yakobo hakusahau. Akiwa kitandani mwa mauti alisema, "Nitawagawa katika Yakobo, nitawatawanya katika Israeli."

Ukirudia kuisoma aya hiyo utaona kwamba kinacholaaniwa ni hasira na ghadhabu yao, na adhabu yenyewe ni kutawanywa. Adhabu hiyo iliwapata wote wawili. Simeoni alipewa miji ndani ya eneo la Yuda (Yoshua 19), na baadaye kabila lake likafifia humo humo. Lawi naye hakupata jimbo lake; watu wake waligawiwa miji katikati ya makabila yote. Kwa hiyo wale wanaohubiri kwamba laana ya Lawi "ilifutwa" wanakwenda mbele ya maandiko. Lawi alitawanywa sawasawa na alivyoambiwa. Ila kutawanywa kule kuliishia kuwa utumishi.

Badiliko lenyewe linaonekana Sinai. Watu wameabudu ndama, Musa anasimama langoni mwa kambi na kuita, "Mtu awaye yote aliye upande wa BWANA, na aje kwangu." Wana wa Lawi wote wakamwendea. Wakaamriwa wavae panga zao na kupita lango hata lango, na siku ile walianguka watu wapata 3,000 (Kutoka 32). Ni sura ngumu, na sina nia ya kuipaka asali. Lakini ilinganishe na Shekemu. Kule Lawi alichomoa upanga kwa ajili ya ndugu yake wa damu. Hapa uzao wake unaambiwa usimhurumie hata ndugu. Musa anapombariki Lawi katika Kumbukumbu 33 anataja jambo hilo hilo, kwamba hakumtazama baba wala mama, wala hakuwatambua ndugu zake. Nadhani hapo ndipo penye jibu la swali lako. Kazi iliyokuwa inamngoja ilihitaji mtu asiyepindishwa na undugu, kwa kuwa msingi wa kazi ya Mlawi, kabla ya muziki na kabla ya mafundisho, ulikuwa ulinzi.

Hesabu 1 inaeleza hivyo kwa maneno makavu. Kabila la Lawi lisihesabiwe katika jeshi. Walawi wapige kambi kuizunguka maskani, ghadhabu isije juu ya mkutano. Na mgeni akikaribia, auawe. Katika mpango wa kambi Wakohathi walikaa kusini, Wagershoni magharibi, Wamerari kaskazini, na upande wa mashariki penye mlango wakakaa Musa, Haruni na wanawe. Makabila mengine yalikuwa nje ya duara hilo. Utakatifu kwa Waisraeli wa kale ulikuwa kitu cha kweli na cha hatari. Mlawi aliwekwa katikati ili Mungu akae na watu wake bila watu hao kuangamia. Tunapoliita kabila hili "takatifu" tusifikirie kwanza tabia njema ya Mlawi mmoja mmoja. Fikiria mahali aliposimama.

Namna walivyotolewa nayo ina maana. Usiku wa Pasaka ya kwanza wazaliwa wa kwanza wa Misri walikufa, wa Israeli wakapona, na tangu hapo kila mzaliwa wa kwanza wa kiume alikuwa mali ya Mungu. Katika Hesabu 3 Mungu anawatwaa Walawi badala yao, kichwa kwa kichwa. Wakahesabiwa wanaume wa Lawi wenye umri wa mwezi 1 na zaidi: 22,000. Wazaliwa wa kwanza wa makabila mengine wakafika 22,273. Wale 273 waliozidi walikombolewa kwa shekeli 5 kila mmoja, jumla shekeli 1,365, fedha wakapewa Haruni na wanawe. Ukichukua kalamu ujumlishe koo tatu, 7,500 za Gershoni, 8,600 za Kohathi na 6,200 za Merari, utapata 22,300. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, walishaliona hilo zamani. Jibu lao katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, ni kwamba wale 300 walikuwa wenyewe wazaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza hawezi kumkomboa mwenzake. Wachunguzi wengine wanasema nakala ya Kiebrania iliteleza herufi moja, na kwamba Wakohathi walikuwa 8,300. Mimi naona maelezo haya ya pili ni mepesi zaidi.

Siku ya kuwekwa kazini (Hesabu 8) walinyunyiziwa maji ya kutakasa, wakanyolewa mwili mzima, wakafua nguo zao. Kisha Waisraeli wakawawekea mikono, kama mtu anavyoiwekea mikono sadaka yake, na Haruni akawasongeza mbele za BWANA kama sadaka ya kutikiswa. Haruni na wanawe walipowekwa wakfu walipakwa mafuta na kuvikwa mavazi matakatifu. Walawi hawakupata mafuta wala vazi. Taifa liliwatoa kama linavyotoa dhabihu, nao wakaishi.

Na walifanya nini hasa? Jangwani walibeba. Hesabu 4 inawapangia wanaume wa miaka 30 hadi 50, na walikuwa 8,580. Wagershoni walichukua mapazia, vifuniko na kamba, wakapewa magari 2 na ng'ombe 4. Wamerari walichukua mbao, nguzo na vitako, yaani misingi ya fedha iliyoshika mbao zisimame. Vitako hivyo vilikuwa 100, kila kimoja uzito wa talanta moja, na talanta hukadiriwa kuwa zaidi ya kilo 30. Fedha hiyo peke yake inapita tani 3! Ndiyo maana Wamerari walipewa magari 4 na ng'ombe 8.

Wakohathi hawakupewa gari. Mzigo wao ulikuwa Sanduku la Agano, meza, kinara na madhabahu, navyo vilipaswa kubebwa mabegani. Tena hawakuruhusiwa kuvifunga. Haruni na wanawe ndio walioingia kwanza, wakalishusha pazia, wakalifunika Sanduku kwa pazia hilo, kwa ngozi na kwa nguo ya samawi, wakatia miti ya kuchukulia. Baada ya hapo tu Mkohathi aliruhusiwa kusogea. Akitazama ndani hata kwa dakika moja, afe. Kwa hiyo walitembea jangwani miaka na miaka wakiwa na kitu kitakatifu kuliko vyote begani, na hawakukiona.

Daudi aliyajua haya kwa uchungu. Alipolihamisha Sanduku kutoka nyumba ya Abinadabu walilipandisha kwenye gari jipya. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyosha mkono alishike, akafa pale pale. Baada ya miezi 3 nyumbani kwa Obed-edomu, Daudi akasema kosa lilikuwa wapi: Sanduku la Mungu halifai kuchukuliwa na mtu ila Walawi (1 Nyakati 15). Mara ya pili lilipanda Yerusalemu mabegani.

Kuna Mlawi aliyechoka na mpaka huu. Kora alikuwa Mkohathi, wa ukoo ule ule wa Musa na Haruni, na hoja yake ukiisikia leo utampigia makofi: mkutano wote ni mtakatifu, kwa nini ninyi mjikuze? Musa akamjibu kwa swali, je, ni jambo dogo kwenu kusogezwa karibu hivi, hata mnataka na ukuhani pia? Mwisho wake unaujua. Ardhi ikafunguka, na wale 250 wenye vyetezo wakaliwa na moto. Ila wasomaji wengi hawafiki Hesabu 26:11, inayosema wana wa Kora hawakufa. Vizazi baadaye tunawakuta Wakora wakiwa mabawabu wa hekalu, na jina lao limo juu ya zaburi kadhaa. Zaburi ya 84 ni mojawapo, ile yenye maneno, "Ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu, kuliko kukaa katika hema za uovu." Waliobeba jina la yule aliyedharau kukaa mlangoni ndio walioimba hivyo.

Kuhusu zaka nitasema wazi, maana najua limo ndani ya swali lako. Hesabu 18 inawapa Walawi sehemu ya kumi ya mazao ya Israeli, na sababu imeandikwa: ni ujira wa kazi ya hema, kwa kuwa hawana urithi wa ardhi. Wao nao walitoa sehemu ya kumi ya hiyo kumi, wakampa kuhani. Kumbukumbu 14 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka ile iwekwe malangoni, ale Mlawi pamoja na mgeni, yatima na mjane. Uone wenzake ni akina nani. Katika Torati Mlawi huhesabiwa na wasio na shamba, na mara kwa mara watu wanaonywa wasimsahau. Mchungaji anayejiita Mlawi ana haki ya kutumia mfano huo, mradi aubebe wote, pamoja na kukosa shamba.

Makazi walipewa: miji 48 pamoja na malisho yake (Yoshua 21), 13 kati yake ya makuhani. Sita kati ya 48 ilikuwa miji ya kukimbilia, ambamo aliyeua bila kukusudia alipata hifadhi dhidi ya mlipiza kisasi: Kedeshi, Shekemu, Hebroni, Bezeri, Ramothi na Golani. Shekemu ni ule ule. Mji ambao Lawi aliuingia kwa hila akaua kwa kisasi, wazawa wake walikabidhiwa ili wamlinde mtu na kisasi. Yoshua haongezi neno lolote juu ya hilo. Anautaja tu katika orodha.

Kwamba mpango huu haukufuatwa sawasawa, Waamuzi 17 ni ushahidi. Kijana Mlawi kutoka Bethlehemu anazunguka kutafuta pa kukaa, anafika kwa mtu mmoja aitwaye Mika (si nabii), anaajiriwa kuwa kuhani wa sanamu kwa shekeli 10 za fedha kwa mwaka, nguo na chakula. Watu wa kabila la Dani walipomwahidi makubwa zaidi, akaondoka nao.

Muziki ulikuja baadaye. Torati nzima haitaji kwaya ya Walawi. Tarumbeta za jangwani zilipigwa na makuhani. Kwa masimulizi ya Mambo ya Nyakati, ni Daudi aliyeona kwamba Sanduku likishatulia Yerusalemu wabebaji watakosa mzigo, akawapangia kazi nyingine. Kati ya Walawi 38,000, 24,000 waliwekwa kusimamia kazi ya nyumba ya BWANA, 6,000 wakawa maofisa na waamuzi, 4,000 mabawabu na 4,000 wa kumsifu BWANA kwa vinanda. Viongozi wa uimbaji walitoka koo zote tatu: Asafu wa Gershoni, Hemani wa Kohathi, ambaye ni mjukuu wa Samweli, na Ethani wa Merari. Mafundi wao walikuwa 288 katika zamu 24, na zamu zilipangwa kwa kura, mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Hemani alikuwa na wana 14 na binti 3, na binti hao hawakuachwa nje ya orodha. Basi mkiitwa Walawi kwenye kwaya, msingi upo, ingawa kiukoo hamumo. Jueni tu kwamba mwimbaji alikuwa ndugu wa bawabu, na orodha zao hufuatana sura kwa sura.

Pia walifundisha, na hapo kutawanyika kulizaa matunda kuliko popote. Mfalme Yehoshafati alituma wakuu, Walawi na makuhani wazunguke miji ya Yuda wakiwa na kitabu cha torati (2 Nyakati 17). Na Ezra alipoisoma torati mbele ya umati huko Yerusalemu, Walawi ndio waliopita kati ya watu wakiwafahamisha maana (Nehemia 8).

Walikuwa wachache kufikia wakati huo. Waliorudi kutoka Babeli katika msafara wa kwanza ni makuhani 4,289 na Walawi 74, ukiwaongezea waimbaji 128 na mabawabu 139 waliohesabiwa kando. Ezra mwenyewe, alipokusanya watu kwenye mto Ahava, hakumkuta hata Mlawi mmoja. Ikabidi atume watu, wakapatikana 38. Sababu si ngumu kuikisia. Hekalu lilikuwa limebomolewa, kazi yao ilikuwa ya chini ya kuhani, na Ezekieli 44 ilikuwa imewakemea vikali kwa kufuata sanamu. Tena waliorudi hawakulipwa. Nehemia aliwakuta wamekimbilia kila mtu shambani kwake kwa sababu sehemu zao hazikutolewa, akawagombeza wakuu na kuwarudisha Walawi mahali pao.

Katika hekalu la pili ulinzi uliendelea hadi mwisho. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 B.K., inasimulia kwamba usiku palikuwa na vituo 24 vya zamu, makuhani wakilinda 3 na Walawi 21. Msimamizi wa mlima wa hekalu alizunguka na mienge. Akimkuta Mlawi amesinzia, alimchapa kwa fimbo, na alikuwa na ruhusa ya kumchomea nguo. Mchana Walawi waliimba zaburi ya siku, ya 24 Jumapili, ya 48 Jumatatu, hadi ya 92 siku ya Sabato. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyekuwa kuhani, anaeleza kwamba waimbaji walimwomba mfalme Agripa wa Pili ruhusa ya kuvaa kitani kama makuhani, na baraza likawakubalia. Yosefo hakufurahia hata kidogo. Kwake huko kulikuwa ni kuvunja desturi za mababa. Miaka michache baadaye, mwaka 70 B.K., Warumi waliliteketeza hekalu.

Kwa Wayahudi wa leo Mlawi bado anajulikana kwa ukoo wa baba. Katika sinagogi huitwa wa pili kwenye usomaji wa Torati, baada ya kohani (mtu wa uzao wa Haruni), na mara nyingi yeye ndiye humwagia kohani maji mikononi kabla ya baraka.

Ukitaka kuendelea mwenyewe, soma Hesabu 3, 4, 8 na 18 kwa mfululizo, kisha 1 Nyakati 23 hadi 26. Utakutana na umri wa kuanza kazi ukibadilika: Hesabu 4 inasema miaka 30, Hesabu 8 inasema 25, na 1 Nyakati 23 inasema 20. Marabi walisema ile mitano ya kati ya 25 na 30 ilikuwa ya kujifunza kazi. Hiyo 20 ya Daudi inajieleza yenyewe katika aya ya 25 na 26: maskani haikuwa na haja ya kubebwa tena.